Kopo la vyambo vya babu: huo msasa weka pembeni kwanza

Swali limetoka kwa kijana wa Ujiji, nalifupisha hapa: "Shikamoo mzee. Babu yetu alikuwa anafanya kazi bandarini Kigoma na alipenda sana kuvua, amefariki na kwenye vitu vyake tumekuta kopo la biskuti limejaa vyambo bandia vya zamani. Kimoja cha mbao kina macho ya kioo, vingine vya shaba, vingine vijiko, kuna vya manyoya, na kingine ni sarafu tu imefungwa ndoano, hicho nataka kutupa. Kuna jamaa anazunguka huku mwaloni anasema atanipa elfu hamsini nimpe kopo zima. Nimenunua msasa na vanishi nivisafishe ving'ae ili bei ipande. Je, vina thamani? Na mtu anaweza kuanza kukusanya vitu kama hivi huku kwetu Kigoma?" Ametuma na picha.

Marahaba kijana wangu, na poleni sana na msiba wa mzee. Nianze na la haraka kabla hujaenda mbali: huo msasa rudisha dukani, na vanishi kama umeshaifungua basi paka mlango. Usiguse chambo hata kimoja. Hiyo sarafu ndio kabisa usitupe, nitaifikia.

Mtu anayenunua chambo cha zamani hana mpango wa kwenda nacho ziwani. Anachonunua ni ile rangi iliyopakwa kiwandani enzi hizo pamoja na mipasuko yake midogo midogo, na pale meno ya samaki yalipochubua, na kutu kidogo kwenye skrubu, vyote hivyo ndio mali. Ukipiga msasa umeondoa mali umebaki na kijiti. Chambo chenye rangi yake asilia hata ikiwa imechakaa kitauzwa kuliko hichohicho kilichopakwa upya kikang'aa, na wakusanyaji wengi wakishajua kimepakwa upya hawakitaki hata uwapunguzie vipi. Kwa hiyo kuvisafisha "ili bei ipande" ndio njia ya uhakika kabisa ya kuishusha.

Ila na wewe usije ukaota mamilioni. Najua kuna habari inazunguka ya chambo kilichouzwa zaidi ya dola laki moja, na ni kweli, ni chambo cha shaba nyekundu chenye umbo la samaki cha bwana Riley Haskell wa Painesville kule Ohio Marekani, alipata hataza yake (haki ya uvumbuzi) 1859, na kimoja kikubwa kiliuzwa mnadani 2003 kwa dola 101,200. Sasa hicho ni kimoja duniani, kila mtu mwenye kopo la babu akisikia hiyo habari anaanza kupiga hesabu za bati. Vyambo vingi vya zamani huuzwa dola chache tu, vizuri kidogo makumi ya dola, na vinavyofika mamia lazima viwe na sababu: ni adimu, rangi ni ya kipekee, hali ni nzuri na boksi lake lipo.

Kabla sijaenda kwenye vyako, jiulize vilifikaje Kigoma maana hapo ndipo utajua utegemee nini. Reli ilifika Kigoma 1914, Mjerumani hakukaa nayo akaondoka, akaja Mwingereza na maofisa wake wenye fimbo za kuvulia kwenye mizigo. Mbelgiji naye kuanzia 1921 alipewa eneo lake pale bandarini kwa ajili ya mizigo ya Kongo, na meli ya Liemba ikaanza kupeleka watu juu na chini ya ziwa 1927 baada ya kuopolewa majini. Kwa hiyo makopo ya huku kwetu mengi yana vitu vya Uingereza, halafu vya Ufaransa na Skandinavia, vya Marekani ni vichache na mara nyingi vina hadithi ya mtu fulani aliyehamishwa akaacha vitu vyake kwa mpishi au kwa karani. Kwa babu mtu wa bandari mimi sishangai hata kidogo.

Sasa hicho cha mbao chenye macho ya kioo. Nimeikuza picha kwenye simu, ule ulimi wa bati chini ya mdomo umeandikwa Creek Chub Bait Co., Garrett, Ind., na tarehe ya Septemba 1920. Hii ni kampuni ya Indiana na ni jina kubwa kwa wakusanyaji, chambo chao ndicho alichovulia George Perry kule Georgia tarehe 2 Juni 1932 akapata samaki aina ya besi wa pauni 22 na aunsi 4, rekodi ambayo imefikiwa tu huko Japani 2009. Kilo kumi hiyo, mzee wa mwalo wa Kibirizi anayejua sangala akisikia dunia nzima inasherehekea samaki wa kilo kumi atacheka mpaka aangushe kasia, lakini ndio mambo yao.

Makosa wanayofanya wengi hapa ni kusoma ile tarehe wakasema chambo ni cha 1920. Hapana. Hiyo ni tarehe ya hataza ya ule ulimi, na kampuni iliendelea kuigonga kwenye bati miaka na miaka baadaye, kwa hiyo inakwambia tu kwamba chambo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Umri wake utautafuta kwenye macho, rangi, na namna ndoano zilivyofungwa. Macho ya kioo kwa kifupi ni dalili kwamba chambo ni cha zamani, baadaye viwanda vingi vikahamia kwenye macho ya kupaka rangi na ya plastiki. Chako kwa umbo naona ni aina yao iitwayo Pikie, na Pikie zilitengenezwa nyingi mno, kwa hiyo sio adimu, ila macho yote mawili yapo na rangi ya kijani mgongoni imebaki sehemu kubwa, kasoro pale tumboni ndoano ilipokuwa ikikwaruza. Huo mkwaruzo wa nusu duara usiuonee aibu, kila mkusanyaji anaujua, unatokana na ndoano kuyumba miaka yote na ni ushahidi kwamba ndoano na rangi vimezeeka pamoja. Hicho kimoja peke yake usikitoe kwa elfu hamsini.

Ukipenda majina ya kutafuta siku zijazo, kwa Marekani ni Heddon wa Dowagiac, Michigan, ambaye wanasema alichonga kijiti akakitupa bwawani akaona samaki amekirukia, Shakespeare wa Kalamazoo, Pflueger wa Akron, na South Bend. Heddon huwa jina lake limegongwa kwenye propela ya bati au limepigwa chapa tumboni. Na hao ndio wanaoigizwa sana, nitasema.

Hivyo virisasi vya shaba vyenye mbawa mbili ni Devon, hivyo ni vya Kiingereza. Mwili una tundu katikati, uzi unapita ndani, zile mbawa zimekunjwa pande tofauti ili maji yakizipiga mwili uzunguke, na samaki akishika mwili unapanda juu kwenye uzi unamwachia ndoano peke yake asipate cha kujikwamulia. Akili ya hali ya juu. Tatizo lake unazungusha uzi mpaka unakuwa kamba ya katani, ndio maana na vile viungo vya kuzunguka vipo kwenye kopo, usivitenganishe. Angalia kwa lensi juu ya mbawa kama kuna jina, Hardy wa Alnwick au Allcock wa Redditch. Kama lipo, vizuri, kama halipo ni vya bei ndogo ila bado ni vya kuweka. Kimoja naona ubawa umepinda. Usiunyooshe kwa plaizi, shaba ya zamani inakatika palepale kwenye kiungo ukabaki na risasi kweli.

Rapala uliyonayo, chambo cha kampuni ya Finland, ni ya kawaida, ulimi wa plastiki, imeandikwa Finland, wewe ipeleke ziwani tu ukavue. Zile za kutafuta ni za mwanzo. Lauri Rapala alichonga cha kwanza 1936 kwa kizibo, akakifunika kwa karatasi ya fedha ya chokoleti, na juu akapaka filamu za picha alizoziyeyusha kwa kuwa hakuwa na vanishi. Ukikuta hicho huku Kigoma nipigie usiku wowote.

Vijiko navyo vina historia ndefu, Julio Buel alipata hataza ya chambo cha aina hiyo 1852 Marekani, na hadithi inasema yote ilianza kijiko kilipomponyoka mtumbwini samaki akakidaka. Hadithi hiyo iache ilivyo. Vyako viwili sio vya kiwanda, ni vijiko vya mezani vilivyokatwa mpini, tundu limepigwa kwa msumari maana kingo zake zimechomoza upande mmoja. Na hapa ndio nakuja kwenye kile ulichotaka kutupa.

Hiyo sarafu ni ya senti kumi ya Afrika Mashariki, ile kubwa yenye tundu katikati. Nimeigeuza ile picha nikasoma mwaka, 1942. Aliyeitengeneza, awe babu au mtu mwingine wa mwaloni, ameikunja kidogo katikati ili ikivutwa ipepesuke kama samaki aliyeumia, akaiongezea matundu mawili madogo pembeni, juu amepitisha waya wa shaba amesokota mara tatu, chini ametundika ndoano, na lile tundu la katikati amelifunga uzi mwekundu ambao umebaki nyuzi mbili tatu. Huo uzi mwekundu ndio unaniua mimi, maana sio pambo, mvuvi anajua dagaa akijeruhiwa kuna wekundu unaonekana shavuni na sangala anaujua pia. Kuhusu umri, hesabu ni ileile ya Creek Chub: sarafu inakwambia sio kabla ya 1942, haikwambii ni 1942, hizi hela zilikaa mifukoni mpaka baada ya uhuru na nyingine zilitobolewa zikiwa hazina kazi tena.

Mmarekani hatakupa chochote kwa hiyo sarafu. Na yule jamaa wa elfu hamsini labda hata hajaiona. Lakini mimi kama ningeambiwa nichague kimoja kwenye kopo zima ningechukua hicho, kwa sababu Pikie zipo maelfu kwenye makabati ya watu huko Indiana na vitabu vyake vimeandikwa mpaka rangi ya kila mwaka, wakati vyambo walivyotengeneza wazee wa ziwa hili kwa vijiko, sarafu, bati la kopo na manyoya ya kuku hakuna aliyeviandika, na vinatupwa kila siku. Unauliza kama mtu anaweza kuanza kukusanya huku kwetu. Anaweza, na aanzie hapo. Nenda Kibirizi, nenda Katonga, kaa na wazee wanaovua mgebuka kwa mshipi wa ndoano nyingi zenye manyoya, uliza kabla ya nailoni walitumia nini, nani alikuwa fundi, alipata wapi waya. Nunua kwa bei ya heshima usiombe bure. Kila kimoja kifungie karatasi, andika kwa penseli: kimetoka kwa nani, mwalo gani, kilivulia samaki gani, usiku wa karabai au mchana. Chambo kisicho na hayo maelezo ni chuma tu, chenye maelezo ni kitu kingine. Na anza na cha babu yako leo, muulize bibi kama yupo, waulize aliokuwa anavua nao kabla nao hawajaondoka.

Utunzaji sasa, maana unyevu wa huku masika sio mchezo. Toa vumbi kwa brashi laini kavu, ile ya rangi ya maji ya watoto inatosha. Usiloweke mbao, usitumie mafuta ya taa wala petroli, usitumie Brasso kwenye shaba, ile rangi ya kahawia iliyojijenga iache. Kutu ya ndoano brashi kavu tu basi, na ndoano za asili usizibadilishe hata zikiwa zimeoza vipi, funika ncha zake kwa vipande vya kizibo visichubue wenzake. Kila kimoja kikae chumba chake, usivirudishe kopo moja vikagongana. Mbao na plastiki tenga, na kama kuna vile vinyoo laini vya mpira wa plastiki vya siku hizi vitoe kabisa, vinayeyusha rangi na plastiki ngumu vikigusana muda mrefu, nimeona chambo kizuri kimegandana na mnyoo mpaka huwezi kusema kipi ni kipi. Mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa usitumie, unafungia jasho ndani. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu kusanya, weka kimoja kila boksi.

Vya manyoya vina adui mwingine, nondo. Watu wanakimbilia vidonge vyeupe vya kabatini, sikushauri, mvuke wake unaweza kulainisha plastiki za zamani na vanishi. Funga vizuri kwenye mfuko, toa hewa, weka friza wiki mbili hivi, ukitoa usifungue mpaka mfuko upate joto la chumba, vinginevyo maji yatashika kwenye manyoya. Muombe tu mama muuza samaki mwenye friza, utamweleza atakushangaa ila atakubali. Na maboksi ya karatasi weka juu ya meza, sio chini, mchwa wa Ujiji nawajua na mende wanakula gundi ya lebo.

Feki. Ukianza kununua za Marekani kwa watu utakutana nazo, hasa Heddon zilizopakwa upya. Angalia kichwa cha skrubu, kama rangi imeingia ndani ya mfereji wake ujue imepakwa baada ya kufungwa. Angalia mipasuko kwa lensi, ya kweli inapita hovyo na ina uchafu ndani. Halafu ile tochi ya bluu wanayokagulia noti, chukua uingie nayo chumba cha giza: rangi mpya juu ya ya zamani huwa zinang'aa tofauti, utaona madoa kama ramani. Nusa pia, vanishi mpya haijifichi.

Kuuza, kama mmeamua kama familia (na iwe familia, sio wewe na jamaa wa mwaloni). Piga picha nje kivulini bila mwanga wa simu, mbavu zote mbili, tumbo, macho kwa karibu, maandishi ya ulimi, na rula pembeni, ukipima urefu pima mwili bila ndoano. Wamarekani wana klabu yao ya wakusanyaji tangu 1976, inaitwa National Fishing Lure Collectors Club, wanachama wake wengi wanajibu maswali ya utambuzi bila kukununulia kwanza, na hilo ni muhimu, anayekwambia ni nini asiwe yuleyule anayetaka kununua. Angalia bei ambazo vitu vimeuzwa kweli, usiangalie bei wanazoomba watu, kuomba hakuna kodi. Mtu akikwambia ametuma hela nyingi kuliko bei na wewe lipia kwanza ada ya kuzitoa, huyo mwache palepale.

Na sheria. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na pia vitu vya kijamii na kiutamaduni vilivyotengenezwa hapa nchini baada ya hapo, kuvitoa nje kunahitaji kibali. Pikie na Devon ni vya viwanda vya nje, haviko huko. Ile sarafu na vile vijiko vimetengenezwa hapa kwa mikono, kwa hiyo hata akitokea Mzungu anavitaka usivifunge kwenye bahasha, uliza Idara ya Mambo ya Kale kwanza. Mimi lakini nakuomba vibaki Kigoma.

Kwa yule jamaa mwambie tu kopo haliuzwi kwa sasa, usimwambie kwa nini na usimwonyeshe tena. Mambo mawili nimeyaona kwenye picha nataka unijibu. Nyuma ya kopo kwenye picha ya mwisho kuna kona ya boksi la karatasi, kama ni la ile Pikie basi peke yake linaweza kuwa na bei ya kukaribia chambo chenyewe, nipigie picha ule upande mfupi wenye namba iliyogongwa. Na uliza nyumbani kama babu aliacha rili (kile kigurudumu cha kuzungushia uzi) yoyote ya shaba au ya alumini, hata iliyokwama haizunguki, maana zile Perfect za Hardy watoto wa huku wamezichezea sana barabarani na nyingine ziko uvunguni mpaka leo. Ukiikuta usiitie mafuta, nipe picha kwanza.